Orodha Niliyomsomea Baba

Jirani yangu hapa Cedar Hill hukaanga karanga Jumamosi asubuhi, madirisha yote wazi, na harufu ile ya chumvi inayoungua kidogo juu ya maganda hunikuta ningali kitandani. Kabla sijafumbua macho vizuri ninakuwa tena mtoto wa miaka kumi, niko Irving, Texas, katika fleti yetu ya vyumba viwili ambako ndege zilipita juu ya paa mpaka vikombe vikatetemeka kabatini, na ninamshuku baba yangu. Nimejaribu kutafuta neno la upole zaidi ya hilo, sikulipata. Tangu baridi ilipoanza kupungua mpaka msimu wa besiboli ulipofunguliwa, nilimchunguza baba jinsi askari wa forodha anavyomchunguza mtu anayetoka jasho kwenye foleni.

Na ni yeye mwenyewe aliyenifundisha. Baba alitoka Morogoro kuja kusoma, akapanga chumba chake cha kwanza Arlington, mwendo wa miguu kutoka uwanja wa besiboli, na kwa miaka miwili alisikia watu wakipiga kelele humo ndani bila kujua wanashangilia nini. Siku moja mwanafunzi mwenzake akampa tiketi. Alituambia kwamba aliona wanaume wazima wamesimama kwenye majani saa tatu nzima wakitema maganda ya mbegu, akaondoka akiamini amepotezewa muda. Wiki iliyofuata alirudi, na tangu hapo hakupona. Nilipopata akili, tayari alikuwa mshabiki wa aina yake: aliipenda timu ile kwa kutoiamini.

Kila mwaka, wiki chache kabla ya msimu, alitoa daftari la shule lenye jalada jeusi, akaketi kwenye meza ya jikoni kuikagua timu. Ukaguzi ndio uliokuwa kazi yake hata mchana. Kwenye ghala la mizigo ya ndege alipitia karatasi za kila shehena kuhakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichomo, na wachezaji aliwapitia vivyo hivyo. Mimi nilikaa ubavuni kwake nikimenya karanga, nusu kwenye bakuli, nusu mdomoni, naye akachora safu tatu: wa kuaminika, wa kuangaliwa, wa kuondoka. Safu ya kwanza haikupata kuzidi majina mawili.

Wachezaji aliwabandika majina ya kwetu ili mama naye aweze kufuata. Mrushaji mkuu, yule anayewarushia wapigaji mpira na ambaye mechi nzima hutegemea mkono wake, alikuwa Kiwiko, kwa sababu kiwiko chake kilikuwa kimepasuliwa mara mbili. Baba alisema daktari hushona nyama, hashoni ujana. Alikuwapo Bwana Harusi, mpigaji aliyejinyoosha nguo kabla ya kila mpira kama anayesubiri kupigwa picha; huyo baba alimpenda bila kukiri, akamweka safu ya tatu kila mwaka na kumwombea abaki. Na mwaka ule kulikuwa na mdakaji mpya, ametoka timu nyingine, watangazaji wote wanamsifu. Baba alimkalia kimya siku mbili, kisha akatoa hukumu.

“Mbona wenyewe wamemwachia?” alisema. “Hakuna atoaye ng'ombe wa maziwa bila sababu. Subirini Agosti, sababu tutaiona.”

Aliyempinga siku zote alikuwa rafiki yake Papa Furaha, Mkongo wa Bukavu, ambaye jina hilo alilipata kwa bintiye wa kwanza. Alikuwa amepita kambi mbili za wakimbizi kabla ya kufika Texas, sasa akiendesha mashine ya kubebea mizigo ghala la jirani na la baba. Alikuja kwetu Jumamosi akitoka zamu, ananukia mbao na kahawa, na kila mwaka aliamini kwamba mwaka ni huu. “Papa Rehema,” alimwambia baba, “weye unatafutaka ugonjwa kwa mutu muzima. Ule mudakaji iko muzuri.” Baba alicheka na kuendelea kuandika.

Hivyo ndivyo nilivyopata elimu yangu. Mtu akisifiwa sana, uliza kwa nini aliachwa. Akirudi kutoka kuumia anatabasamu, usitazame uso, tazama mkono. Na akikwambia hakuna kilichobadilika, kaa chini utafute kilichobadilika.

Mwaka ule vilivyobadilika vilikuwa vingi. Kwanza baba alianza kwenda Houston. Ijumaa moja baada ya nyingine Papa Furaha alimpitia alfajiri na gari lake, wakarudi Jumamosi mchana. Baba alisema ni mambo ya kazi. Nikauliza kwa nini hatumii gari letu, akajibu kwamba lina hitilafu, si la safari ndefu. Lakini gari hilohilo mama aliliendesha kila siku kwenda kwenye nyumba ya wazee alikokuwa akihudumia, na baba sasa hakuligusa hata kwa safari ya kanisani. Nililizunguka pale lilipoegeshwa, nikachungulia chini yake. Hitilafu gani hii inayomkataa baba peke yake?

Pili, mechi za majaribio zilipoanza, alikuwa akiwasha televisheni halafu akasikiliza redio. Siku moja akashangilia kwamba Bwana Harusi amepiga mpira mzuri, nami nilikuwa nimekaa palepale, nimeona kwa macho yangu kwamba aliyepiga ni mtu mwingine kabisa, mfupi, mwenye ndevu. Nilimgeukia. Alikuwa ametulia anatazama kioo kama kawaida. Nikafikiri: huyu hayupo hapa, mawazo yake yako kwingine.

Tatu, alianza kuniambia nimsomee. Habari za timu, majina, nani ameumia goti, nani amerudishwa timu ya chini. “Nisomee, mwanangu, macho yamechoshwa na karatasi za ofisini.” Mimi nilisoma, yeye akaandika, na mwandiko wake katika daftari ulikuwa umenenepa, majina manne tu kwenye ukurasa mzima. Niliona anaharibu karatasi.

Halafu ikaja Jumapili ya simu. Tulikuwa tumetoka kanisani, baba amesimama kibarazani na mlango umeachwa upenyo, nami niko nyuma ya pazia, mahali ambapo wakati ule palikuwa kama ofisi yangu. Alikuwa akizungumza na mtu kwa sauti ya chini, yenye furaha. “Yule kijana wa Houston nilimpenda tangu akiwa na miaka kumi na saba,” alisema, na ndege ikapita, ikameza maneno. Ilipokwisha kupita nikasikia, “Mkono wa kushoto, kabisa, kama mimi,” kisha ndege nyingine, kisha, “ningemlea taratibu, nisingemharakisha.”

Baba alikuwa mtu wa mashoto. Mimi nilizaliwa wa kulia, na nakumbuka niliwahi kujifunza kuandika kwa kushoto wiki nzima ili nifanane naye, nikashindwa. Sasa nilijua kwamba Houston kuna aliyefanikiwa bila kujaribu. Nilikaa nyuma ya lile pazia mpaka alipomaliza simu.

Siku mbili baadaye nikapekua begi lake la safari. Ndani, chini ya shati, kulikuwa na kofia mpya ya timu ya Houston. Watu wasiojua hawawezi kuelewa uzito wake. Timu ya Houston kwetu ilikuwa adui. Baba alikuwa hata hataji jina lake mezani. Na kofia yenyewe ilikuwa ya mtoto. Niliivaa mbele ya kioo cha bafuni, ikanikaa sawasawa, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote, kwa maana ilinitosha na hakuwa ameninunulia mimi. Nikaitumbukiza kwenye pipa kubwa la taka nyuma ya jengo. Baba hakuiulizia. Nikajiambia, bila shaka hawezi kuulizia.

Nilimwuliza mama tulipokuwa peke yetu, kwa Kiingereza kama nilivyozoea, baba anafanya nini Houston. Mama alikuwa anafuta meza ambayo ilikuwa safi tayari. Alisema, “Baba yako ana shughuli. Kula, chakula kinapoa.” Nikamwona amekonda. Nikamhurumia, nikidhani hajui lolote, kwamba ninayejua ni mimi peke yangu.

Siku moja kabla ya msimu kufunguliwa timu ilitangaza orodha ya mwisho, wachezaji ishirini na sita, na habari kubwa ilikuwa kwamba Bwana Harusi ameachwa. Ilikuwa Jumamosi. Mchana tulialikwa kwa Papa Furaha, Arlington, ambako wanaume wenye mapenzi ya besiboli, Wakongo, Wakenya, na sisi Watanzania wawili watatu, walikusanyika kila mwaka kuchoma nyama na kubishana. Baba ndiye aliyekuwa akisomwa kama gazeti. Wote walimngoja aeleze timu itakavyokuwa, kwa sababu hata waliompinga walijua kwamba amefanya kazi yake.

Kabla hatujaondoka alinipa simu, akafungua daftari, akasema nisome. Nikaiona ile orodha. Na hapo likanijia wazo ambalo sikulipanga. Nitamjaribu. Kama bado anaipenda timu yetu, kama bado yuko nasi, atajua. Nikasoma majina yote, lakini mahali pa mpigaji mmoja chipukizi nikamtaja Bwana Harusi, na mrushaji wa mwisho, yule anayeingizwa kulinda ushindi, nikamruka kabisa. Simu ilikuwa wazi katikati yetu. Macho ya baba yalikuwa juu ya simu hiyo. Nilimngoja aseme, “Rehema, hebu rudia.”

Alisema, “Kumbe wamembakiza! Sikutegemea.” Akatabasamu kwa namna ambayo sikuwa nimeiona wiki nyingi, akamhamisha Bwana Harusi kwenye safu ya kuaminika kwa herufi kubwa. Nikaona nimepata ushahidi wangu. Hakuwa hata ameitazama orodha. Timu yetu haikuwa kitu kwake tena.

Pale Arlington alisimama kando ya jiko la mkaa na daftari mkononi, hakulifungua, akazungumza. Alieleza kwamba safari hii ana tumaini kidogo, kwamba uongozi umekuwa na busara ya kumbakiza Bwana Harusi, maana timu ya vijana watupu hupotea Agosti kama hamna mkubwa wa kuwatuliza. Alieleza kwamba anasikitika mrushaji wa mwisho ameondolewa, na akapanga nani achukue nafasi yake. Watu walitazamana. Papa Furaha akatema mate pembeni, akaanza kugeuza nyama. Aliyecheka ni Mkenya mmoja, Njoroge, mtu mchangamfu asiye na ubaya.

“Wacha mchezo, Baba Rehema,” alisema. “Si huyo jamaa alitolewa leo? List ndiyo hii, hebu soma.”

Akampa simu. Baba akaipokea. Akaileta karibu na uso, akaipeleka mbali, akaigeuza kidogo kwenye jua, akaileta tena. Kisha akasema amesahau miwani.

Miwani alikuwa ameivaa.

Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha wake, halafu mmoja mmoja wakaacha. Nakumbuka mafuta yakidondokea mkaa na kulia. Nakumbuka Njoroge akinyoosha mkono kuichukua simu yake, asijue kama aichukue au aiache. Papa Furaha ndiye aliyekuja, akamshika baba kiwiko, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba nyama iko tayari, watu wale. Nami niliyekuwa nimesimama karibu na kreti ya soda nilielewa mara moja, kama mtu aliyefunguliwa pazia: redio, gari, mwandiko mnene, mchezaji mfupi mwenye ndevu. Nilikuwa na kila kitu mkononi wiki zote hizo na nilikihesabu vibaya.

Papa Furaha aliturudisha nyumbani jua likiwa bado juu. Mama alikuwa zamu. Nilikaa kiti cha nyuma, baba mbele. Tulipovuka barabara kuu baba akauliza, bila kugeuka, kama nilikosea kusoma au nilimdanganya. Nikajibu kwa Kiingereza kwamba sijui.

“Nijibu kwa lugha niliyokuuliza.”

“Nilikudanganya.”

“Kwa nini?”

“Kwa sababu una mtoto mwingine Houston.”

Gari likayumba kidogo. Papa Furaha alisema kitu kwa Kifaransa, akalinyoosha. Baba hakucheka, na hilo namshukuru mpaka leo, maana angecheka nisingemsamehe. Aliniuliza nimelitoa wapi. Nikamweleza yote, kuanzia hitilafu ya gari mpaka kijana wa mashoto aliyependwa tangu miaka kumi na saba. Alisikiliza mpaka mwisho kama anavyosikiliza mechi. Kisha akaniambia kwamba kijana huyo ni mrushaji chipukizi wa timu ya Houston, kwamba alikuwa akimsimulia baba mdogo aliye Morogoro, na kwamba angetoa wachezaji watatu wa kwetu kumpata, kama angeulizwa. Kisha akafika kwenye kofia. Alisema daktari alimtia dawa ya macho, jua la Houston likawa linamchoma, akaingia duka lililo karibu na kuchukua kofia ya kwanza aliyoishika. Ilimbana, akadhani kichwa kimevimba kwa dawa.

“Ilikuwa ya Houston?” aliuliza.

Nikasema ndiyo. Akafunika uso kwa mikono yake miwili, na mabega yakatikisika, na sikuweza kujua kutoka nyuma kama analia.

Ilikuwa sukari. Ilikuwa imemla miaka mingi bila yeye kujua, ikaharibu mishipa ya ndani ya macho, na kwa miezi hiyo alichomwa sindano machoni kwa daktari mmoja wa Houston. Angeweza kutibiwa Dallas, karibu na kwetu. Lakini Irving kila mtu anajua gari la kila mtu, na yeye aliogopa habari zisimfikie msimamizi wake kabla hajajua mwenyewe hatima yake, maana mkaguzi asiyeona ni nini? Kazini alikuwa akisomewa na Papa Furaha wakati wa mapumziko. Mama alijua tangu mwanzo. Walikuwa wamekubaliana nisiambiwe nisije nikaogopa, na mimi katika kutoogopa kwangu nikamjengea baba nyumba ya pili, mke wa pili na mtoto wa kiume.

Niseme mapema yalivyoishia, ili mtu asihangaike. Jicho la kulia lilikufa. La kushoto liliokoka, si lote, lakini la kutosha kuona sura ya mtu akikaa karibu. Kazini wakamhamishia upande wa simu, na akaipenda. Timu ilianguka Agosti, naye akaridhika kuliko kama wangeshinda. Hofu yangu ya kwamba watu wananificha jambo haikuondoka. Mume wangu anaijua, watoto wangu wanaijua, na wakati mwingine huwa sijakosea.

Lakini ninachokirudia zaidi ni asubuhi ya upasuaji wa macho, sindano ziliposhindwa kutosha. Safari hiyo tulikwenda wote, mama akiendesha, mimi nyuma na mto wa baba. Hospitalini tukawekwa chumba kidogo chenye baridi, baba amevaa lile gauni lao la kufungia mgongoni, na daktari akaja, akaeleza haraka haraka kwa tabasamu, akatoka. Muuguzi akaleta karatasi za ridhaa, kurasa kadhaa, akauliza kwa upole kama baba angependa yeye amsomee. Mama alikuwa tayari amenyoosha mkono kuzipokea.

“Mpe Rehema,” baba alisema.

Mama alimtazama. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu ile Jumamosi ya Arlington, na katika wiki hizo hakuwa ameniomba nimsomee hata sanduku la unga. Sikuwa nimethubutu kujitolea. Muuguzi akasema kwa uangalifu kwamba maneno ni magumu kwa mtoto. Baba akamjibu kwamba atasubiri.

Nikasoma. Nilisoma kwa Kiingereza, kisha nikaeleza kwa Kiswahili, sentensi moja moja, na maneno nisiyoweza kuyatamka niliyataja herufi kwa herufi. Baba alikuwa amefumba macho. Katika ukurasa wa tatu nikafika sentensi iliyosema kwamba upasuaji wenyewe unaweza kuondoa hata nuru iliyobaki. Nilipoinua macho niliona mama akinitazama juu ya kichwa cha baba, akatikisa kichwa mara moja, kidogo sana, kuniambia niipite.

Nikaisoma. Nikaieleza kwa Kiswahili, polepole, bila kuipunguza. Mama akageukia ukuta.

“Hapo ndipo daktari alipokimbia,” baba alisema. “Endelea.”

Nikaendelea mpaka nembo ya chini ya ukurasa wa mwisho. Aliniuliza, “Umeruka kitu?” Nikasema sijaruka. Hakumgeukia mama, wala muuguzi. Akaomba kalamu. Nikamshika kidole cha shahada cha mkono wa kulia, nikakiweka mwanzo wa mstari, mkono wangu mwingine ukishikilia karatasi mwisho wa mstari, naye kwa mkono wake wa kushoto akaandika jina lake lote, kubwa, mpaka likanifikia kwenye vidole.